Nafasi ya Samaki Kikande katika Uhai wa Matumbawe ya Pwani ya Kenya

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Aghalabu methali hii hufunzwa kama sitiari ya binadamu anayepuuza jambo dogo hadi likamwelemea. Katika pwani ya Kenya, hata hivyo, mwiba huo upo kwelikweli baharini, na yupo samaki mnyonge aliyeumbiwa kuuzuia. Makala haya yananuia kueleza jinsi kuvuliwa kwa samaki huyo kunavyouangamiza mwamba unaowalisha wavuvi wetu, na jinsi hasara hiyo inavyoweza kurekebishwa.

Tumbawe ni kiumbe hai

Wengi wetu huyachukulia matumbawe kuwa ni mawe tu. Hakika tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo laini wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao huwapa chakula na rangi. Ujenzi huu ni wa polepole mno. Baadhi ya matumbawe makubwa hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Kwa karne nyingi, kazi hiyo imetujengea mwamba unaoandamana na ufuo kutoka Malindi hadi Shimoni. Mwamba huo huvunja nguvu za mawimbi, na ni malisho na maficho ya changu, tafi, pono, tewa na wengineo.

Kikande na nungu bahari

Miongoni mwa wakazi wa mwamba ni kiumbe wa mviringo aliyezungukwa na miiba mikali. Kwa wepesi wa maelezo, tutamwita nungu bahari. Kiumbe huyu ana meno matano ambayo hukwangua mwani juu ya mwamba, na katika kukwangua huko huula mwamba wenyewe. Akiwapo kwa kiasi, hana madhara. Wakizidi, hula kwa kasi inayopita ile ya matumbawe kujijenga, na nyasi za baharini nazo hufyekwa.

Mdhibiti wake mkuu ni kikande, samaki mwenye ngozi ngumu na meno yenye nguvu yanayoweza kumpasua nungu bahari licha ya miiba yake. Masikini kikande! Hana sifa ya changu wala tewa mezani, lakini huingia upesi katika mitego na ndoana, hivyo huwa miongoni mwa samaki wa kwanza kutoweka penye uvuvi mwingi. Utafiti wa Timothy McClanahan na wenzake, uliochapishwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ulilinganisha miamba iliyohifadhiwa na ile inayovuliwa hapa Kenya. Ilibainika kwamba nungu bahari walikuwa wengi zaidi ya mara 100 katika miamba isiyohifadhiwa. Isitoshe, kikande akishamalizwa, huchukua miongo kadhaa kurejea kwa wingi wake wa awali.

Mkono wa binadamu

Uharibifu huo huzidishwa na zana tunazotumia. Juya, kwa mfano, hukokotwa sakafuni mwa bahari hadi ufuoni. Hung'oa nyasi, huvunja matumbawe na kuzoa hata vifaranga vya samaki. Serikali ilipiga marufuku juya mwaka 2001, lakini marufuku hiyo haikulitokomeza. Tusiharakishe kuwalaumu wavutaji wake. Wengi wao hawana chombo wala wavu wao wenyewe, na kumnyang'anya mtu kama huyo kamba ya juya bila kumpa njia nyingine ni kumnyima mlo wa jioni.

Fauka ya hayo, bahari inapata joto. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja tu kwa majuma kadhaa, tumbawe humtapika mwani wake, likapauka na pengine likafa. Mwaka 1998 janga hilo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na mnamo Aprili 2024 wataalamu walitangaza kuwa wimbi la nne la upaukaji limeikumba dunia. Joto hilo halizuiliki na kijiji kimoja. Hata hivyo, mwamba uliojaa nungu bahari haupati nafasi ya kupona, kwa kuwa tumbawe changa hukwanguliwa kabla halijashika mizizi.

Tengefu

Je, kuna tiba? Naam, ipo. Hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, zimeonyesha kuwa samaki wakiachwa, mizani hurudi. Kadhalika, wavuvi wa Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi waliamua mwaka 2005 kutenga takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe kabisa. Eneo la namna hii huitwa tengefu. Juhudi zao zilitambuliwa mwaka 2017 kwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Faida haibaki ndani ya mipaka, kwani samaki waliokomaa humo huvuka kwenda nje. Karibu na Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, imethibitika kuwa malema yanayotegwa mpakani hupata samaki wengi kuliko yale ya mbali.

Hitimisho

Ni bayana kwamba bahari haiharibiwi na wakatili pekee. Huharibiwa pia na kutojua nani anamtegemea nani. Anayemvua kikande wa mwisho hajui kwamba amebomoa boma la changu wa kesho. Ni jukumu letu, hasa tulio wapenzi wa Kiswahili, kuyatoa maarifa haya katika majarida ya kisayansi na kuyafikisha ufuoni kwa lugha ya wavuvi wenyewe. Tusipoziba ufa tutajenga ukuta, na ukuta huu wa matumbawe hakuna fundi awezaye kuujenga.