Daftari la mawinguni: usalama wake na mipaka yake

MFANYABIASHARA wa nafaka wa Sombetini jijini Arusha, anayenunua maharage kwa wakulima wa miteremko ya Mlima Meru na kuyauza katika soko la Kilombero, anaweza kuwa na madaftari mawili. Moja ni la karatasi. La pili limo kwenye simu, na wenye programu humwambia kuwa hesabu zake zimehifadhiwa "kwenye wingu".

Wingu hilo haliko angani. Ni majengo yenye maelfu ya kompyuta zilizounganishwa, yaitwayo vituo vya data. Microsoft ilifungua vyake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafuata mjini Cape Town mwaka 2020. Hivyo, deni lililoandikwa Sombetini linaweza kuwa limetunzwa maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Je, kompyuta hizo zinamudu vipi mamilioni ya wateja? Chukua mfano wa duka lenye wadaiwa wengi. Daftari likijaa, mwenye duka hatafuti daftari lenye ukubwa wa meza. Huligawa: majina ya A hadi K huku, L hadi Z kule, kila moja na karani wake. Kanzidata za wingu hufanya hivyo hivyo. Wateja wakiongezeka, huongezwa mashine, na sehemu ya kumbukumbu huhamishiwa huko.

Tatizo ni kwamba mashine zikiwa nyingi, haikosi itakayoharibika. Kwa sababu hiyo kila sehemu hunakiliwa, mara nyingi katika mashine tatu. Katika mifumo mingi ya aina hii, malipo huhesabiwa kuwa yameandikwa pale mashine mbili kati ya tatu zinapokubaliana. Moja ikifa, mbili huendelea na kazi.

Mawasiliano kati ya mashine yakikatika, mambo hubadilika. Tuseme mteja ana salio la sh 60,000. Kama kila upande ungeamua peke yake, angeweza kutoa sh 50,000 mara mbili. Ndiyo maana upande wenye mashine chache hukataa kuandika. Ujumbe wa "jaribu tena baadaye" wakati mwingine una maana hiyo: mfumo umeona heri kusimama kuliko kutoa hesabu ya uongo.

Hata hivyo, nakala tatu hazisaidii iwapo njia ya kuzifikia imekatika. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na huduma ya intaneti nchini ikayumba. Kumbukumbu zilizotunzwa nje hazikupotea kwa sababu hiyo. Kilichokosekana ni njia. Aidha, nakala hazisahihishi makosa. Ukiandika magunia 10 badala ya 100, kosa hilo litanakiliwa mara tatu.

Mfanyabiashara afanye nini? Kwanza, malipo yakikwama, usiyarudie kabla ya kuangalia salio. Pili, chagua programu inayopokea maandishi hata bila mtandao na kuyatuma baadaye, na inayokuruhusu kutoa nakala ya hesabu zako zote. Tatu, daftari la karatasi lisitupwe: deni la msimu liandikwe humo, na mkulima atie saini.

Mkulima aliyekukopesha magunia yake anatarajia kulipwa siku mliyokubaliana, mtandao uwepo au usiwepo.