Chekov katika Star Trek II: Uhalali wa Mhusika Msaidizi

Katika filamu ya bunilizi ya kisayansi Star Trek II: The Wrath of Khan (1982), iliyoongozwa na Nicholas Meyer, Khan, adui wa Kirk, anamtambua Chekov mara amwonapo. Jambo hili limehesabiwa kuwa kosa, kwani Khan alionekana katika televisheni Februari 1967, ilhali Walter Koenig, mwigizaji wa Chekov, alianza kuonekana katika mfululizo huo Septemba 1967. Je, Chekov alistahili kuwamo?

Hoja ya kosa inachanganya historia ya utayarishaji na historia ya ndani ya hadithi. Mhusika kutoonekana si sawa na kutokuwapo: chombo cha Enterprise kilibeba watu zaidi ya 400, nao watazamaji walionyeshwa wachache tu.

Kigezo kifaacho zaidi ni dhima. Katika filamu, Chekov ni afisa wa chombo kingine, Reliant. Anapoliona jina la Botany Bay, chombo cha zamani cha Khan, yeye huitambua hatari. Nahodha wake, Terrell, haitambui. Mhusika mgeni asingeweza kuijenga taharuki hiyo. Aidha, Khan anapoitawala akili ya Chekov na kumfanya amsaliti Kirk, hadhira huumia kwa sababu inampenda.

Kwa hiyo, hitilafu ya tarehe ipo, lakini haivunji muwala. Mhusika msaidizi huhalalishwa na kazi yake katika msuko, wala si na orodha ya waigizaji.