Falsafa ya Bara Hindi (Sehemu ya 3): Mto Tana, alama za vidole na swali la "wewe ni nani?"

Katika sehemu mbili zilizopita tulimwona mtawa Nagasena akimbana mfalme Milinda, yule Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Mfalme alikubali mwishowe kwamba ukikagua gurudumu, mhimili na nira, kimoja baada ya kingine, hukuti mahali popote kitu kiitwacho gari. Mtu naye, kwa mafundisho ya Wabuddha, ni hivyo hivyo: mwili, hisia, utambuzi, maelekeo ya moyo na fahamu, pamoja na jina lililobandikwa juu yake.

Msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini yeye Mwislamu ambaye hajawahi kuonana na Mbuddha. Jibu la kwanza alilitoa Al-Biruni zamani. Mwanachuoni huyo wa Kiislamu alizaliwa Khwarazm mwaka 973, akajifunza Kisanskriti, akatafsiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu, na mnamo mwaka 1030 akamaliza kitabu chake kikubwa kuhusu Wahindi. Aliyaeleza mawazo yao kama wenyewe walivyoyaeleza, pasipo kuyakubali na pasipo kuyadhihaki. Kuhusu Wabuddha alisema wazi kwamba hakumpata mtu wala kitabu cha kumweleza. Laiti sote tungekuwa na adabu hiyo ya elimu.

Jibu la pili liko mtoni.

Simama darajani Garissa siku ambayo anga ni kavu na vumbi limetanda mpaka kwenye maboma ya ngamia. Chini yako Tana imejaa. Maji mekundu yanakwenda kwa kasi, yanakokota magogo, majani ya migomba na povu. Hakuna anayemuuliza mwenzake mvua imenyesha wapi: imenyesha huko juu, Mlima Kenya na Nyandarua. Vatsyayana, aliyeandika sherehe ya kitabu cha msingi cha shule ya falsafa iitwayo Nyaya mnamo karne ya 5, alitumia mfano huohuo, kasoro jina la mto. Hiyo, alisema, ni aina ya ujuzi iitwayo anumana, kujua jambo usiloliona kwa dalili unayoiona. Mawingu yakikusanyika unajua mvua itakuja. Mto ukijaa unajua mvua imekwisha kunyesha.

Wanyaya walikuwa watu wa ubishi, nao hawakuuacha mfano wao upite bure. Katika kitabu hichohicho mpinzani anainuka na kusema: mto unaweza kujaa kwa sababu umezibwa mahali. Kwetu pingamizi hilo lina majina: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Watu wa kingo za Tana wanajua kwamba gharika inaweza kuwafikia pia kutokana na mabwawa yaliyofurika, wala si mvua ya jana peke yake. Jibu la Wanyaya ni fupi na zuri. Dalili haikuwa "mto umejaa" tu. Dalili ilikuwa mto uliojaa kwa namna maalumu, wenye kasi, povu, matunda, majani na vijiti. Aliyekosea hakukoseshwa na akili ya kukisia. Alichukua dalili nusu akadhani ni nzima.

Sasa tutoke mtoni twende kwenye dirisha la ofisi ya vitambulisho.

Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilianza kufunguliwa mwaka 1991 Somalia iliposambaratika. Ziliwekwa katikati ya watu ambao nao walikuwa wamepigwa na ukame na mifugo yao inakufa. Ndani ya kambi palikuwa na mgao wa chakula, zahanati na shule. Nje hapakuwa na kitu. Baadhi ya familia za Wakenya zikajiandikisha kama wakimbizi, watoto wakachukuliwa alama za vidole. Miaka ikapita. Mtoto akafikisha 18, akaenda kuomba kitambulisho, mashine ikalinganisha vidole vyake na orodha ya wakimbizi, ikamkuta. Ombi likakwama hapo. Mashirika ya kutetea haki yamekuwa yakitaja watu wapatao 40,000 waliokumbwa na mkasa huu. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu ya jina lako, hakuna akaunti ya benki, hakuna kura, na kizuizi cha polisi cha barabarani kinageuka mpaka wa nchi.

Tuipange hoja ya mashine kwa utaratibu wa Nyaya. Kijana huyu si raia wa Kenya. Sababu: alama zake zimo katika orodha ya wakimbizi. Kanuni: kila aliyemo katika orodha hiyo si raia. Hapa Mnyaya angenyanyua kidole. Kanuni yenyewe ndiyo inayotakiwa kuthibitishwa, na mfano mmoja tu wa raia aliyeingia kwenye orodha kwa njaa unatosha kuiangusha. Sababu ya aina hii waliiita sababu inayotangatanga: hupatikana penye jambo unalotaka kulithibitisha, na hupatikana pia pasipo jambo hilo. Mashine haikudanganya. Vidole ni vyake kweli. Kosa liko katika ule mruko wa kutoka "ni vidole vyake" hadi "si wetu". Ni mto uliojaa, ambao hakuna aliyejisumbua kuangalia kama una povu.

Lakini je, aliyeandikishwa akiwa na miaka mitatu na huyu wa miaka 18 ni mtu mmoja? Milinda aliuliza swali la namna hiyohiyo, na Nagasena akamjibu kwamba mtoto mchanga na mtu mzima si yuleyule, wala si mwingine. Ni mfululizo, hali moja ikizaa nyingine. Mfululizo huo unatosha kumfanya mwizi wa jana aadhibiwe leo. Nagasena hakuwa na nia ya kuwafungulia wezi mlango. Ila mfululizo huo hautoshi kumfanya mtu awe na kiini kisichobadilika kiitwacho "ukimbizi". Kwa Mbuddha, mkimbizi, raia, karani na chifu ni ukweli wa makubaliano. Wanadamu wameyakubali majina hayo kwa faida yao, na wanadamu wanaweza kuyarekebisha pale yanapodhuru.

Wanyaya hawakuridhika. Walisema: ukiona tunda uliloonja zamani, mate yanakujaa mdomoni. Jicho ndilo lililoona, ulimi ndio ulioonja, na mwaka umepita katikati. Ni nani basi anayeunganisha? Lazima awepo mmoja aliyeona, aliyeonja na anayekumbuka. Udayana alirudia utetezi huu kwa ukali mnamo mwanzo wa milenia iliyopita, akiwalenga Wabuddha moja kwa moja. Mimi naona Wanyaya wanashinda hapa, ingawa kwa pointi chache. Waliosoma elimu ya kalam, yaani theolojia ya Kiislamu, katika njia ya Ash'ari watakumbuka kauli yao kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili, Mungu huziumba upya kila wakati. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo Mbuddha angeitia sahihi. Nusu ya pili angeikataa katakata.

Palipo moto kwa Garissa ni penye ushahidi wa maneno. Shule ya Charvaka ilikubali njia moja tu ya kujua, kuona kwa macho yako. Kwa kipimo chao hakuna mtu hata mmoja katika kaunti nzima ambaye angepata kitambulisho, kwani nani alijiona akizaliwa? Dignaga, Mbuddha wa karne ya 5 na ya 6, alikubali mbili: kuona na kukisia. Neno la shahidi kwake ni aina ya kukisia tu: unampima msemaji, kisha unakisia. Nyaya walitenga nafasi kamili kwa neno la mtu wa kuaminika, wakaweka na masharti. Awe amelijua jambo moja kwa moja, na awe na nia ya kulisema kama alivyolijua. Vatsyayana akaongeza kwamba masharti haya ni yaleyale kwa mtakatifu, kwa mwungwana na kwa mgeni asiye wa mila yao. Kwa jamii iliyogawanyika kwa matabaka kama yake, hilo ni neno zito.

Watoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, kutaja jina la baba, babu na kuendelea juu kizazi baada ya kizazi. Ni mlolongo wa ushahidi wa maneno tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee anayejua mlolongo huo, anayejua kisima ambacho familia hiyo imenyweshea mifugo miaka yote, anatimiza sharti la kwanza la Nyaya kuliko orodha yoyote. Na yule mama aliyesema kambini kwamba ametoka ng'ambo ya mpaka? Hakuwa na nia ya kusema alivyojua. Alikuwa na nia ya kulisha mtoto. Kwa hiyo kilichoandikwa siku ile hakikuwa ujuzi tangu kalamu ilipogusa karatasi, na kompyuta haiwezi kukifanya kiwe ujuzi kwa kukitunza muda mrefu.

Swali la "wewe ni nani" lina historia chungu kaskazini-mashariki. Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wapigwe msasa kama kabila, wakapewa kadi za rangi ya waridi. Msasa wa wazee na maafisa kabla ya kitambulisho uliendelea katika kaunti za mpakani kwa miongo kadhaa, hadi Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alipotangaza kuuondoa. Tangazo hilo lilimwondolea kijana kamati ya msasa. Kuondoa kamati, hata hivyo, hakufuti alama zilizokwisha kuingia katika orodha ya wakimbizi. Hizo ni za kufutwa jina kwa jina, na wanaostahili kufutwa wafutwe sasa, maana wazee wanaoweza kuwatolea ushahidi hawatusubiri.

Wiki ijayo tutamgeukia Nagarjuna, aliyedai kwamba njia zote hizi za kujua haziwezi kujithibitisha zenyewe. Wanyaya walimjibu, na jibu lao tutalipima.