Mafuta yametolewa, mbona mapaja yangali na vibonyevu?

JE, ulifanyiwa upasuaji wa kufyonza mafuta mapajani au kwenye makalio ukitarajia ngozi nyororo, na sasa unaona vibonyevu vile vile, pengine hata vimezidi? Hauko peke yako. Hili ni miongoni mwa maswali ambayo akina dada huyauliza kwa sauti ya chini wanapomwona daktari, na aghalabu huyauliza baada ya kulipia matibabu mengine ambayo hayakuwafaa.

Mama mmoja alifika kwangu wiki tano baada ya kufyonzwa mafuta. Tayari alikuwa amekandwa kwa mashine mara sita katika kituo cha urembo, ambako aliambiwa kwamba uvimbe aliokuwa nao ni selulaiti na kwamba ungeyeyuka. Nilipolitazama paja la kushoto, ngozi ilikuwa imekaza na kung'aa, lilikuwa na joto kuliko la kulia, na hakutaka niliguse. Alikuwa pia na homa.

Hiyo haikuwa selulaiti. Ilikuwa selulaitisi, yaani ngozi na tishu zilizo chini yake zilikuwa zimeshambuliwa na bakteria. Majina hayo mawili yanafanana mno, lakini la kwanza ni suala la umbo la ngozi na la pili laweza kukuua. Alilazwa hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa hivyo, kabla ya kutafuta tiba, ni muhimu ujue unatibu nini.

Selulaiti ni nini?

Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta. Katikati ya mafuta hayo hupita nyuzi ngumu zinazoifunga ngozi na tishu zilizo chini yake. Mafuta yakisukuma kwenda juu huku nyuzi zikivuta ngozi kwenda chini, sura yake huwa kama godoro lililoshonwa kwa vifungo, au ganda la chungwa.

Mwaka 1978, watafiti wa Ujerumani, Nürnberger na Müller, walieleza kwamba nyuzi hizo kwa wanawake husimama wima, ilhali kwa wanaume hupishana kama wavu. Ndiyo sababu wanaume wenye hali hii ni wachache, huku wanawake kati ya asilimia 80 na 90 wakiwa nayo kwa kiasi fulani baada ya kubalehe. Wembamba pia wanayo. Si ugonjwa, si uchafu, wala si "sumu" iliyojificha mwilini kama wanavyodai baadhi ya wauzaji wa chai na krimu.

Kwa nini upasuaji hauiondoi?

Upasuaji wa kufyonza mafuta ulipata sura yake ya sasa katika miaka ya 1970 na 1980, hasa kutokana na kazi ya Yves-Gérard Illouz wa Paris, aliyetumia mrija butu, na ya daktari wa ngozi Jeffrey Klein wa Marekani, ambaye mwaka 1987 alichapisha mbinu ya kujaza mafuta maji mengi yenye dawa ya ganzi kabla ya kuyafyonza. Lengo lake ni kupunguza mafuta ya ndani ili kubadilisha umbo. Nyuzi zilizo karibu na ngozi hubaki pale pale.

Isitoshe, mafuta yaliyokuwa yameinyoosha ngozi yakipungua, ngozi yaweza kulegea na vibonyevu vikaonekana zaidi. Na mrija ukipitishwa karibu mno na ngozi, waweza kuacha mabonde mapya ambayo si selulaiti hata kidogo.

Basi unachokiona kwenye kioo chaweza kuwa mojawapo ya mambo matatu: uvimbe wa kawaida baada ya upasuaji, mabonde yaliyoachwa na mrija, au selulaiti uliyokuwa nayo tangu awali. La kwanza huisha lenyewe. La pili lapaswa kurudishwa kwa daktari aliyekupasua. Ni la tatu pekee linalohusu matibabu nitakayoyataja.

Subiri kwanza

Uvimbe huchukua wiki nyingi kuisha, na matokeo kamili huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Kabla ya hapo usilipie matibabu yoyote ya selulaiti. Vaa vazi la kubana kwa muda uliopangiwa na daktari wako, anza kutembea mapema ili damu isigande miguuni, na usikubali kukandwa bila idhini yake.

Matibabu yasiyo ya kisu

Kukandwa kwa mashine: Mashine zenye magurudumu yanayovuta na kubingirisha ngozi zilianzia Ufaransa katika miaka ya 1980. Huenda ngozi ikaonekana laini kwa muda, lakini ukiacha kwenda, vibonyevu hurudi. Hata idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, iliziruhusu zitangazwe kwa kupunguza mwonekano huo kwa muda tu.

Mawimbi ya redio, leza na mawimbi ya mshtuko: Matibabu ya joto hukusudiwa kuikaza ngozi. Nafuu yake ni ya kiasi na huhitaji kurudiwa. Sisi wenye ngozi nyeusi tuwe waangalifu zaidi, kwani leza isiyofaa, au iliyo mikononi mwa asiyeielewa, huweza kuchoma na kuacha mabaka meusi ya miezi mingi. Muulize anayeitumia amewahi kuhudumia ngozi kama yako mara ngapi.

Krimu: Zenye kafeini hupunguza maji kwenye ngozi kwa saa chache. Zenye retinoli ya asilimia 0.3 huweza kuinenepesha ngozi kidogo na kuficha vibonyevu, lakini utasubiri miezi sita. Usizitumie ukiwa mjamzito.

Kugandisha mafuta kwa baridi: Mbinu hii hupunguza mafuta lakini haikati nyuzi. Kwa wagonjwa wachache, mafuta hunenepa na kuwa magumu badala ya kupungua. Mwanamitindo Linda Evangelista alitangaza mwaka 2021 kwamba ndivyo ilivyompata.

Sindano: Hapa ndipo penye hatari kubwa. Julai 2020, FDA iliidhinisha sindano iitwayo Qwo, yenye kimeng'enya cha kuyeyusha nyuzi za makalio. Desemba 2022, kampuni yenyewe ilitangaza kuacha kuitengeneza kwa sababu ya ngozi kuvilia damu na kubaki na rangi isiyo yake. Anayekuambia leo kuwa anayo, muulize ameitoa wapi. Ama "sindano za kuyeyusha mafuta", mwaka 2023 FDA ilionya umma dhidi ya zile zisizoidhinishwa, ambazo zimewaacha watu na makovu, vidonda na maambukizi. Dawa ya aina hiyo iliyoidhinishwa mwaka 2015 ni ya mafuta ya chini ya kidevu tu.

Iko pia njia ya kukata nyuzi kwa sindano au kisu kidogo kinachopenya chini ya ngozi. Hiyo inagusa chanzo chenyewe, lakini ni upasuaji mdogo. Usikubali ifanywe saluni.

Mazoezi na mlo

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake waliofyonzwa mafuta. Baada ya mwaka mmoja mafuta yalikuwa yamerudi mwilini, hasa sehemu ya juu ya tumbo. Hivyo upasuaji haukuondolei wajibu wa kuangalia sahani yako. Mazoezi ya mapaja na makalio, mathalani kuchuchumaa na kupanda ngazi, hukaza misuli na kuipa ngozi mhimili. Hayaondoi selulaiti, ila hupunguza inavyoonekana, na faida zake kwa moyo ni za kweli.

Usingoje ukiona haya

Nenda hospitali mara moja ukipata homa, sehemu moja kuwa na joto, ugumu au maumivu yanayozidi, majimaji au usaha, mguu mmoja kuvimba, maumivu ya kifua au kuhema. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo tumia kiganja kulinganisha joto la upande huu na ule.

Usalama wa upasuaji huu si jambo la kuchukulia kimzaha. Oktoba 2024, magazeti humu nchini yaliripoti kifo cha mwanamke aliyekuwa amefyonzwa mafuta katika kliniki moja ya Nairobi. Kabla ya kumlipa yeyote, hakikisha jina lake limo katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Kisha muulize: jumla ya gharama ni ngapi, nitarudi mara ngapi, na nikiacha itakuwaje?

Yule mama alipona baada ya siku kumi za dawa. Miezi kadhaa baadaye alirudi kuniuliza kuhusu vibonyevu vyake, ambavyo vilikuwa vingalipo. Nilimweleza haya niliyokueleza wewe. Alipiga hesabu ya vikao kumi na viwili vya mashine, akaamua kuwa pesa hizo zina kazi nyingine.

Uamuzi wako waweza kuwa tofauti, na si dhambi kutaka kupendeza. Ila anayekuahidi kuiondoa selulaiti kabisa hakuelezi ukweli, kwa kuwa tiba ya aina hiyo haijapatikana.