Ngitili na Dhahabu: Misingi Miwili ya Haki ya Mali

Katika Shinyanga, Wasukuma huita "ngitili" malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Ngitili ya mtu binafsi kwa desturi haihitaji ukuta. Haki yake husimama juu ya kujizuia kwa mwenyewe na heshima ya majirani.

Huko Geita msingi ni mwingine. Mkulima ana haki ya shamba, lakini dhahabu iliyo chini, kwa Sheria ya Madini ya 2010 kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, ni mali ya umma iliyowekwa kwa Rais kama amana. Ahamishwapo, hulipwa fidia ya ardhi na mazao, si ya dhahabu. Jambo hilo laweza kuwa haki, mradi ikumbukwe kwamba amana humfunga mwenye kuishika kuliko ujirani umfungavyo mchungaji.