Swala akianguka, kisu kiwahi tumbo

Wanaolalamika kwamba nyamapori ina harufu kali mara nyingi wanamsingizia mnyama. Harufu ile huletwa na mwindaji aliyechelewa kumpasua, au aliyempasua ovyo. Tangu kanuni za mwaka 2020 ziruhusu mabucha ya nyamapori Tanzania, jambo hili linamgusa kila mlaji.

Chukua swala pala, dume la kilo 60 hivi. Akiwa hai, joto la mwili wake ni kama nyuzi 39. Akianguka saa tano asubuhi, ngozi na manyoya hulizuia joto hilo lisitoke, na bakteria waliomo kwenye tumbo kubwa la majani huendelea kuchachusha na kutoa gesi kana kwamba hajafa. Tumbo linafura, na baadaye bakteria hupenya hadi kwenye nyama. Akishachinjwa na damu ikachuruzika, msogezeni kivulini na kazi ianze papo hapo. Picha zisubiri.

Mlaze chali. Toboa ngozi kidogo chini ya kidari, ingiza vidole viwili, cha shahada na cha kati, viinue ngozi mbali na tumbo. Kisu kipite katikati ya vidole hivyo kuelekea nyonga, makali yakitazama juu. Hapa ndipo wengi huharibu: ncha ikizama, majani yaliyochachuka humwagikia sarara ya ndani, nyama tamu kuliko zote. Zungushia kisu njia ya haja kubwa, ivute, uifunge kamba. Kibofu kishike taratibu kisimwage mkojo. Kisha kata kiwambo cha kifua, fikia koo, likate, na vyote vitoke pamoja.

Tumbo likipasuka, usikimbilie maji ya bwawani. Maji hutawanya uchafu na kuacha unyevu. Kata sehemu iliyochafuka uitupe. Angalia pia yale mashada meusi ya manyoya juu ya kwato za nyuma: yana tezi za harufu, na aliyezigusa asiguse nyama kabla ya kunawa. Swala pala ana nyongo, kwa hiyo ini litolewe kwa uangalifu.

Kifua kiwekewe kijiti kibaki wazi, mnyama atundikwe penye upepo. Ini, mapafu na bandama vihifadhiwe kwa ajili ya mkaguzi, kwa sababu vivimbe vya maji na majipu huonekana humo kwanza.

Ila mnyama uliyemkuta amekufa, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, usimpasue kabisa. Huenda ni kimeta. Ukimfungua, vimelea hukutana na hewa, hujigeuza mbegu ngumu, na mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi. Mwache alipo, zuia mbwa na watoto wasimsogelee, mwite ofisa wa wanyamapori au daktari wa mifugo.