Mafunzo kwa vitendo: Mwanafunzi wa uandishi wa habari hujifunza nini huko?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA mwaka wanafunzi wa uandishi wa habari na mawasiliano kwa umma hubisha hodi katika magazeti, redio na televisheni wakiwa na barua za vyuo vyao, wakiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Barua hiyo huwafungulia mlango wa chumba cha habari. Watakachokikuta ndani ni suala jingine.

Vyuo vyenyewe vimejitahidi kuwaandaa. Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano kwa Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni chuo cha uandishi kilichoanzishwa mwaka 1975, ina redio na televisheni ya Mlimani. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, nacho kina redio yake. Hata hivyo, redio ya chuo hukosea mbele ya wahadhiri wake. Gazeti hukosea mbele ya mawakili.

Mfano ni habari za mahakamani. Mwanafunzi akiandika kwamba "mwizi amefikishwa mahakamani", tayari amemtia hatiani mtu ambaye hakimu hajamsikiliza. Mhariri makini atamwita, amwonyeshe tofauti kati ya mshitakiwa na mhalifu, kisha amrudishe akaiandike upya. Dakika kumi za namna hiyo hazipatikani katika kitabu chochote.

Dakika hizo ndizo adimu. Gazeti likikaribia kwenda mitamboni, mhariri huiandika habari hiyo mwenyewe bila kumwita aliyeileta. Kesho yake mwanafunzi hulikuta jina lake juu ya habari isiyo na sentensi yake hata moja. Hufurahi, huikata na kuihifadhi, lakini kosa lake analo bado.

Lipo pia suala la nauli, ambalo wakubwa hawapendi kulizungumzia. Vyombo vingi havimlipi mwanafunzi, naye huenda anatoka Chanika au Mbagala kila asubuhi. Huyo ndiye hutumwa kwenye warsha hotelini, mahali ambako bahasha ya waandaaji humsubiri mlangoni. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zinakataza kupokea hongo, na mwanafunzi amezisoma darasani. Kumtuma mtu asiye na nauli ya kurudi nyumbani, kisha kumtarajia aikatae bahasha, ni kumwonea.

Kwa upande wa sheria, mambo yamebadilika. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Kwa hiyo cheti kimekuwa na uzito kuliko zamani, walipokuwapo waandishi wengi waliofundwa na chumba cha habari peke yake. Lakini ithibati huthibitisha elimu ya mwenye nayo. Haionyeshi kama aliwahi kusahihishwa na mhariri.

Mwongozo wa Taifa wa mafunzo ya uzoefu kazini, uliozinduliwa mwaka 2017, unawalenga wahitimu. Aliye bado chuoni hutegemea makubaliano ya chuo chake na chombo kilichompokea, na makubaliano hayo mara nyingi huishia kwenye barua ile ile ya utambulisho.

Kinachobaki ni kitabu cha kumbukumbu, ambamo mwanafunzi huandika kazi za kila siku na msimamizi wake hutia saini. Mkufunzi hufika kukikagua, pengine mara moja tu, na kutoa alama. Si ajabu, siku ya mwisho, kumkuta msimamizi akitia saini kurasa za wiki nane kwa mkupuo mmoja, huku akiongea na simu.